Mpige Picha Bibi Akiwa Kinuni



Juma hili nataka tuzungumze juu ya picha. Sisemi picha za mawaziri wala za wacheza mpira. Hizo wenye magazeti watazipiga wenyewe. Nasema picha za kwetu: paka aliyelala juu ya mfuko wa unga, ndege wa mwembeni, mama akipepeta mchele, baba akimfukuza mbuzi aliyeingia shambani. Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina simu yenye kamera, hata nyumba isiyo na baiskeli. Basi tumekuwa wapiga picha bila kufundishwa na mtu, na ndiyo sababu yafaa tuongee.

Hebu nikuulize. Msiba ukitokea, na fundi yuko nje anaranda mbao za jeneza, wenye nyumba hutafuta nini ndani? Hutafuta picha ya marehemu. Hupekuliwa sanduku, hupekuliwa mkoba, hupigiwa simu mtoto aliyeko mjini. Mwisho hupatikana kadi ya kupigia kura. Ile picha ndogo kama stempu hupelekwa mjini ikakuzwe, nayo ikirudi waona mtu usiyemjua. Bibi aliyewachekesha watu maisha yake yote, hapa amekodoa macho kama aliyekamatwa na askari. Au hukatwa picha ya arusi ya mpwa wake, na bega la mtu mwingine hubaki pembeni. Wajukuu huitazama, wasiseme neno.

Na katika nyumba hiyo hiyo mna simu tatu, zimejaa picha za keki, za magari ya watu na za vijana waliosimama wakijitazama. Bibi alipita mbele ya kamera hizo kila siku na ndoo yake ya maji, wala hapana aliyeziinua. Kwa nini? Si kwa kukosa mapenzi. Ni kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba picha ni kitu cha siku kuu: Komunyo ya kwanza, arusi, mgeni kutoka mbali. Siku ya kawaida haipigwi. Na mtu akipigwa, sharti aache kazi yake, avae nguo za Jumapili, akae kitini na kunyamaza kama sanamu.

Desturi hiyo ina asili yake, nayo haikuwa ya kijinga. Njia ya kwanza ya kupiga picha iliyotangazwa kwa watu wote ilitangazwa mjini Paris mwaka 1839, na mwenye kuitengeneza alikuwa Mfaransa, Louis Daguerre. Picha ilipokelewa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba lile lilihitaji mwanga wa muda mrefu. Mtu alikaa mbele ya kamera pasipo kutikisika. Akigeuza kichwa, uso wote ulikuwa ukungu. Mafundi walikuwa na chuma cha kushikia kichwa kwa nyuma, mahali kisipoonekana. Wewe ungeweza kucheka nawe umeshikwa kisogo kwa chuma? Ndiyo maana wazee wa Ulaya katika picha za kale wamenuna wote, kama waliojiwa na mwenye deni. Baadaye mabamba yaliboreshwa, dakika zikawa sekunde, na sekunde zikawa kufumba na kufumbua. Lakini kununa kulibaki.

Kwetu nako picha ilikuja na heshima hiyo hiyo. Unguja palikuwa na maduka ya picha hata kabla karne ya 19 haijaisha. Mtu wa shamba aliyetaka picha alikwenda mjini, pengine kwa miguu, akaazima saa ya mkono, akasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani. Mke alikaa kitini, mume alisimama nyuma, mkono begani. Mimi siwacheki hata kidogo. Picha ilikuwa ghali, na mtu hatumii kitu cha ghali kumpigia mbuzi. Lakini hata wakati ule walikuwapo mafundi waliotoka nje. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1930, aliwapiga masultani, kisha akapiga na mitaa, na watu waliopita humo. Picha ya sultani yampendeza mwenye kusoma historia. Picha ya mtaa ndiyo imfanyayo mzee aweke kidole na kusema, "Ee! Hapa ndipo alipokaa muuza kahawa."

Aliyeitoa picha mikononi mwa mafundi na kuitia mikononi mwa watu wote alikuwa Mmarekani, George Eastman. Mwaka 1888 alianza kuuza kamera ya mkononi aliyoiita Kodak, ndani yake utepe wa picha 100. Ukizimaliza uliipeleka kamera nzima kiwandani kwake Rochester. Wao walisafisha picha, wakatia utepe mpya, wakakurudishia. Mwaka 1900 alitoa nyingine, Brownie, kijisanduku chepesi kilichouzwa dola moja tu, na katika matangazo aliielekeza kwa watoto. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa maana mtoto hajui sheria ya kitini. Mtoto humpiga mbwa.

Niwape mfano wa mtoto mmoja, ingawa huyu alikuwa wa nyumba ya kitajiri. Jacques Henri Lartigue alizaliwa Ufaransa mwaka 1894. Baba yake alimpa kamera angali mdogo, naye akaanza kupiga mambo ya kwao: paka, yaya, kaka yake na vyombo vyake vya kujaribu kuruka angani, binamu akijirusha kutoka ngazini na sketi yake imepepea. Alipokua alijiita mchoraji. Kazi aliyoitaka ilikuwa ya rangi na brashi. Picha zake alizibandika katika vitabu vya nyumbani, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1963, alipokaribia miaka 70, zilioneshwa katika jumba la Museum of Modern Art mjini New York, na wakubwa wa sanaa wakashangaa. Walikuwa wakitafuta picha za zama zile kwa mafundi wakubwa, kumbe mtoto alikuwa amezipiga uani kwao. Sisi hatuna ngazi ya mawe wala yaya. Lakini paka ni paka, na binamu wa kuruka tunao.

Sasa tuje kwa wanyama, maana najua wengi wenu ndio mwapendao kuwapiga.

Shida ya mnyama ni moja: hakai. Ukimwita kuku aje apigwe picha, huja akidhani mtama. Akiona simu, aenda zake. Ndege ni wagumu zaidi. Huko Uingereza walikuwapo ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, watoto wa wakulima wa Yorkshire. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege wa nchi yao, chenye picha zilizopigwa nje, mahali penyewe. Ndege walipozidi kuwakimbia, ndugu hao walifanya jambo la kuchekesha. Walitwaa ngozi ya ng'ombe, wakaitengeneza ikawa ng'ombe mzima mwenye uwazi ndani. Mtu akaingia tumboni na kamera yake, akasimama malishoni. Ndege waliona ng'ombe, wakaendelea na shughuli zao. Siku nyingine walijifanya kondoo, au mwamba. Wasema aliyekuwamo ndani siku moja alizirai, na ng'ombe akaanguka miguu juu.

Waliona jambo la kweli. Mnyama haogopi kamera, amwogopa mgeni. Nawe, msomaji, katika zizi lako si mgeni. Mbuzi wako wamekuzoea tangu walipozaliwa, kuku wapita kati ya miguu yako. Mpiga picha mkubwa kutoka Ulaya angehitaji siku nyingi kupata uhuru huo ulio nao wewe bure. Usinikasirikie nikisema kwamba wewe tayari ni ng'ombe wa malisho yale.

Mwingine alikuja karibu nasi zaidi. Carl Georg Schillings, Mjerumani, alisafiri mara kadhaa katika nchi za Kilimanjaro na nyika za Wamasai, siku za utawala wa Wajerumani. Mwanzoni alikuja na bunduki. Baadaye, hasa katika safari ya mwaka 1903 na 1904, alipiga picha za simba na fisi usiku kwa mwako wa unga wa magnesi: mnyama aligusa uzi, unga ukawaka, picha ikapigika. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1905, na watu waliozoea kumwona simba amechorwa tu, au amekufa chini ya buti la mwindaji, walimwona yu hai, macho yamewaka, anakunywa maji. Baadaye Schillings alisema wazi kwamba wanyama hao walindwe wasije wakaisha. Yapo pia nisiyoyasifu: alifunga mifugo hai iwe chambo cha simba. Tena kamera zile nzito na mabamba yake ya kioo havikutembea vyenyewe; vilichukuliwa na wapagazi, nao majina yao hayakusifiwa sana.

Uzi ule una wajukuu. Mwaka 2010 watafiti walianza kutundika kamera 225 katika sehemu ya Serengeti. Hazishikwi na mtu. Mnyama mwenye joto akipita mbele, kamera hujipiga yenyewe. Katika picha hizo simba hajifanyi mfalme: ajikuna, apiga miayo, alala chali. Nyumbu huisogelea kamera hata pua yake ikajaza picha nzima. Ndivyo mnyama alivyo asipojua kwamba anatazamwa.

Lakini msisome haya mkaenda kumtafuta nyati. Nyati na kiboko hawana habari ya picha, na mwenye kuwasogelea na simu amejiletea msiba. Nyoka kadhalika. Wala msipande mti kuhamisha kiota ili kionekane vizuri, wala kukata matawi yaliyokificha; tawi lile ndilo lililomficha kinda asionwe na mwewe. Wapo wanyama wa kutosha hapo hapo nyumbani: mnana wanaosuka viota juu ya mti wa uani, chozi kwenye maua ya mgomba, kinyonga kwenye ua, tumbili anayekuibia mahindi. Kwa tumbili yafaa upige picha kwanza ndipo ufukuze.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa maneno machache, kama nilivyoiona kwa mafundi.

Kwanza, futa kioo cha kamera. Simu hukaa mfukoni pamoja na tumbaku, pilipili na mafuta ya mikono. Picha nyingi zinazosemwa kuwa simu ni mbovu, uchafu tu. Futa kwa kitambaa safi laini, si kwa kidole.

Pili, jua. Saa sita mchana jua liko utosini. Macho ya mtu yawa mashimo mawili, na mbuzi mweusi awa kama kipande cha mkaa. Asubuhi mpaka saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi, mwanga huja kwa ubavu, nao huonesha kila unyoya na kila mkunjo. Kama huna budi kupiga mchana, mpeleke mtu kivulini au mlangoni.

Tatu, piga magoti. Hili watu hawalipendi kwa sababu ya suruali. Ukimpiga mbwa huku umesimama, wapata mgongo na masikio, kama amwonavyo mtu aliye dirishani. Shuka mpaka macho yako yawe sawa na macho yake. Papo hapo mbwa awa mtu. Ndivyo ilivyo hata kwa watoto wadogo: tumewapiga mno kutoka juu, na picha zao zote zafanana.

Nne, usivute picha kwa vidole ukiwa mbali. Katika simu nyingi kuvuta huko ni kukata tu kipande cha picha na kukikuza, na matokeo yake ni uji. Songa kwa miguu yako, polepole, ukitazama pembeni kana kwamba una shughuli nyingine. Ukimkazia mnyama macho, adhani wataka kumla. Na kwa kuku hajakosea sana.

Usiku usitumie taa ya simu usoni mwa mnyama. Nyuma ya jicho la paka, la mbuzi na la wanyama wengi wa usiku pana ngozi ing'aayo kama kioo, inayorudisha mwanga ili waone gizani. Ukiwamulika, kioo kile chakurudishia taa yako, na picha yawa ya pepo mwenye macho mawili ya kijani. Jicho la mtu halina kioo hicho. Likimulikwa huonesha damu iliyo nyuma yake, kwa hiyo katika picha za zamani za arusi za usiku bibi arusi ana macho mekundu.

Hapa niseme neno juu ya ngozi zetu nyeusi, kwa maana limewaumiza wengi. Katika picha nyingi za rangi za miaka iliyopita, babu amekuwa kivuli chenye meno. Wengine walidhani ndivyo tulivyo. Sivyo. Filamu za rangi zilitengenezwa na kupimwa kwa nyuso za Wazungu. Mafundi wa kusafisha picha walipewa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu ili walinganishe rangi kwa uso wake. Kadi hizo ziliitwa kwa jina la Shirley. Uso mweusi ulipokuja, kipimo hakikuwa chake. Hali hiyo ilichukua miaka mingi kurekebishwa, na yasemekana miongoni mwa waliopiga kelele walikuwamo wenye viwanda vya chokoleti na vya samani, waliotaka rangi za bidhaa zao zionekane sawasawa. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu! Simu za leo ni bora, lakini bado zaweza kudanganywa. Usimsimamishe babu mbele ya ukuta mweupe uliopigwa jua, wala mbele ya mbingu tupu. Kamera itaupima ukuta na kumsahau babu. Msimamishe mbele ya majani, au ya udongo wa nyumba, na mwanga umwangukie kutoka upande mmoja. Gusa uso wake juu ya kioo cha simu, nayo itapima uso. Ndipo utaona mikunjo ile yote uliyokuwa ukiitazama utotoni aliposimulia hadithi.

Sasa nirudi kwa bibi, kwa sababu mbuzi atapata mbuzi mwingine.

Kijana mmoja atasema: nilijaribu, bibi akakataa. Nenda kwake hivi. Weka simu mfukoni, msalimu, "Shikamoo bibi," kaa kwenye kigoda, msaidie kupukuchua. Baadaye mwambie: "Bibi, naomba nikupige picha." Atakujibu, "Ngoja mjukuu wangu nikabadili kanga." Hapo vijana wengi hukosa uvumilivu, husema, "La, kaa hivyo hivyo." Mimi naona si adabu. Mwache akabadili. Mpige kwanza picha anayoitaka yeye, kitini, kanga mpya, mikono mapajani, amenyamaza. Picha ile ni yake. Ndivyo apendavyo kuonwa na watu, naye ana haki hiyo. Kisha mwoneshe. Atacheka, atasema amezeeka, atawaita na jirani. Na atakaporudi kwenye kinu chake, ameshasahau simu, hapo ndipo upige ile yako: mchi umeinuka, vumbi la unga katika mwanga, kuku wamemzunguka wakingoja punje. Akikataa kabisa, mwache. Wako wazee wasiopenda, na haifai kumwibia mtu uso wake.

Piga mikono yake pia. Piga mafiga, chungu chenye masizi, mtungi, ungo uliotobolewa na panya na kushonwa kwa ukindu. Piga nyumba ya nyasi kabla hujaezeka bati, wala usione haya juu ya nyasi. Vitu vya kawaida ndivyo tusivyovipiga, kwa sababu twadhani vitakuwapo kesho. Mashine ya kusaga ikifika kijijini, kinu hugeuka kiti cha kuku. Koroboi zimefukuzwa na taa za jua katika nyumba nyingi. Nani alipiga picha ya watoto wakisoma kando ya koroboi, vichwa vimekaribiana mpaka nywele zanusa moto? Anayesoma haya akiwa na umri wa miaka 50 ajua harufu ile. Mwanawe hajui.

Ila yako yasiyopigwa. Mgonjwa aliyelala bila nguvu ya kukukataza, mtoto anayeoga, ugomvi wa mtu na mke wake. Na picha ya mtoto wa mwenzako usiirushe hadharani kwa watu usiowajua, hata kama amependeza namna gani, mpaka wazazi wake wakubali.

Limebaki jambo la kutunza, nalo ndilo linalotushinda. Picha iliyo katika simu peke yake haijakaa salama. Simu huanguka mtoni, huibiwa stendi, huzeeka ikafa, na picha zote hufa nayo siku hiyo. Basi watumie picha zilizo bora ndugu wawili wanaokaa mahali mbali mbali. Na kila mwaka, ukishauza mazao, chagua 10 tu, uzichapishe kwenye karatasi mjini. Usichague 100, hutazichapisha.

Za zamani zilizoko nyumbani zitazame leo. Zile nyeusi na nyeupe, zilizosafishwa vizuri, huishi muda mrefu sana. Za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimegeuka nyekundu, kwa sababu rangi zake hufifia, tena kila moja kwa mwendo wake. Zilizobandikwa kwenye kioo cha fremu bila nafasi hugandana nacho wakati wa masika. Usizibandue kwa nguvu, zipige picha kwa simu zikiwa humo humo, mahali penye kivuli, ukikaa upande ili kivuli chako kisionekane kiooni. Kisha ziweke zilizobaki katika kopo la bati lililo kavu, lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na moshi, mbali na mchwa. Usizipake gundi.

Na andika nyuma. Tumia kalamu ya risasi, usikaze mkono. Wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni. Andika majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, kijiji, mwezi na mwaka, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Usiandike "Mama" peke yake, maana miaka 40 ijayo hatajulikana ni mama wa nani. Andika jina lake la ubatizo na la ukoo. Kama bibi yungali hai, mletee lile kopo jioni moja, mtoe picha moja moja, naye akutajie waliomo, maana yawezekana hakuna mwingine awajuaye tena. Jina la mbwa aliyelala mlangoni liandike pia. Watoto watauliza.